Maswali ya Wasomaji: Bustani ya kugusa, kunusa na kusikia

SWALI: Shuleni kwetu tuna kitengo cha wanafunzi wasioona, wenye usonji, na wawili wanaotumia kiti mwendo. Tunataka kuwajengea bustani ya matuta ya juu kwa tofali za nchi 6. Kimo kiwe kipi, na tupande nini?
Mwalimu, Mpwapwa

JIBU: Mwalimu, vipimo vyote vitoke kwenye mkono wa mtoto. Mwanafunzi akiwa ameketi kwenye kiti mwendo, pimeni kutoka chini hadi kiwiko chake. Ukingo wa tuta usipite hapo. Kwa watoto wa msingi mara nyingi hutosha kozi (safu za tofali) mbili na kofia ya zege, kama sm 55. Kozi tatu zinavuka sm 70, na mtoto ataishia kuutazama ukuta.

Kwenye upana ndipo mafundi wengi wanapokosea, kwa sababu wanapima ndani, ilhali mkono unaanzia nje ya ukuta. Kama mtoto anafikia sm 50, tuta la kufikiwa pande mbili lisizidi mita 1, nje kwa nje. Toa sm 15 za tofali kila upande, udongo unabaki na upana wa sm 70. Tuta lililoegemea ukuta wa darasa liishie sm 50 tu.

Tuta la urefu wa mita 2 kwa ndani, likijazwa kina cha sm 40, linakula ndoo 28 za lita 20: udongo mwekundu 14, samadi iliyooza 7, mchanga wa mtoni 7. Samadi ikiwa bado ina joto ukiingiza mkono, iacheni ioze kwanza, la sivyo itaunguza mizizi. Kozi ya chini iachiwe matundu ya maji kila sm 60. Lipu ya ukingo isuguliwe iwe laini na kona ziviringwe, maana hapo ndipo asiyeona atapitisha kiganja akitafuta njia. Mabati hapana: jua la saa nane mchana la Dodoma huyafanya yaunguze vidole. Ukingo upakwe njano iliyokolea, uwasaidie wenye uoni hafifu.

Njia iwe ya zege lenye mkwaruzo kidogo, upana mita 1.2, na sehemu ya kugeuzia kiti mita 1.5 kwa 1.5. Kokoto huzamisha magurudumu. Mpira wa kumwagilia usikatize njia.

Mbele pandeni rehani na rozimari. Nanaa ipandwe ndani ya ndoo iliyotobolewa na kufukiwa, vinginevyo mizizi yake italiteka tuta zima. Mchaichai ukae katikati, kwani kingo za majani yake hukata vidole. Alizeti chache zitaleta rangi na nyuki. Nyasi ndefu zitaleta sauti upepo wa kiangazi ukivuma. Baadhi ya watoto wenye usonji hulemewa na harufu nyingi kwa pamoja, kwa hiyo tuta moja libaki bila mimea ya kunukia, liwe kivulini na benchi pembeni.

Tunawasihi sana: kama uzio wenu ni wa manyara, bustani ikae mbali nao. Utomvu wake ukiingia jichoni ni hatari. Mnyonyo nao ung'olewe, mbegu zake ni sumu.

SWALI: Tuta langu la kujengwa limeota utando mweupe juu ya udongo, na majani yanaungua pembeni. Natumia maji ya kisima.
Msomaji, Bahi

JIBU: Hiyo ni chumvi. Maji ya kisima yanaileta, jua linakausha maji, chumvi inabaki juu. Angalia kwanza matundu ya chini. Yakiwa yameziba au hayapo, toboa. Kwangua sm 2 za juu ukazitupe mbali, kisha mwagilia polepole hadi maji yatoke chini, subiri yachuruzike, urudie. Maji ya mvua uliyokinga ndiyo mazuri zaidi kwa kazi hii. Baada ya hapo acha kumwagilia kidogo kidogo kila jioni: mwagilia kwa kina asubuhi, kisha funika udongo kwa maganda ya karanga, unene wa sm 5. Usiongeze mbolea ya dukani hadi majani mapya yatoke mazima.