Samansi Ameachiwa Mlinzi: Je, Kampuni Imepelekewa?

Swali: Samansi ya kesi ya madai aliachiwa mlinzi wa ghala letu Nakuru, ilhali ofisi yetu iliyosajiliwa iko Nairobi. Hatukuiona. Sasa dalali amekuja na amri ya kukamata mali. Tulipelekewa kihalali? (Mkurugenzi, Nakuru)

Jibu: Kwa maelezo hayo, hapana. Kanuni za Mashauri ya Madai za Kenya za 2010, Agizo la 5 kanuni ya 3, zinaanza na watu: katibu wa kampuni, mkurugenzi au ofisa mwingine mkuu. Wakikosekana hao, ndipo samansi huachwa ofisi iliyosajiliwa, au hutumwa kwa posta ya rejista au kampuni ya usafirishaji vifurushi (kuria) iliyoidhinishwa na mahakama hadi anwani ya posta iliyosajiliwa. Mahali pa biashara, kama ghala lenu, huja tu pale kampuni haina ofisi wala anwani iliyosajiliwa.

Nendeni masjala ya mahakama leo mkachukue nakala ya hati ya kiapo ya mpelekaji samansi. Kesi za namna hii huangukia hapo. Je, inataja saa, mahali, jina la aliyepokea, na aliyemtambulisha? Hati inayosema "ofisa wa kampuni alipokea akakataa kutia sahihi", bila jina wala cheo, ni dhaifu. Wakili aombe hukumu iliyotolewa bila ninyi kusikizwa itenguliwe chini ya Agizo la 10 kanuni ya 11, utekelezaji usimamishwe, na mpelekaji aitwe ahojiwe kwa kiapo. Upelekaji ukiwa na kasoro, kutenguliwa ni haki yenu, si hisani. Hata hivyo ambatisheni rasimu ya utetezi: mahakama ikiridhika kwamba mlipelekewa, hoja zilizomo ndizo zitakazowaokoa. Kagueni pia CR12 yenu, yaani hati ya Msajili wa Kampuni inayoonyesha wakurugenzi na anwani, maana samansi iliyoachwa kwenye anwani mliyosahau kuibadilisha ni ngumu kuipinga.

Swali: Nimetumiwa samansi kwa WhatsApp Jumamosi usiku. Ninyamaze? (Msomaji, Kisumu)

Jibu: Usinyamaze hata kidogo. Tangu 2020, kanuni ya 22C ya Agizo hilo la 5 inaruhusu samansi kutumwa kwa programu za ujumbe hadi nambari yako ya mwisho inayojulikana na kutumika. Ikitumwa siku isiyo ya kazi, huhesabiwa imefika siku ya kazi inayofuata. Kwako ni Jumatatu, isipokuwa ni sikukuu. Mpelekaji ataambatisha uthibitisho kwamba ujumbe ulifika. Soma siku ulizopewa za kuwasilisha taarifa ya kufika (hati ya kuiambia mahakama kwamba utashiriki kesi), ambazo hazipungui 10. Ukishaiwasilisha, una siku 14 za kuleta utetezi.