Pasiwe na anayenyamazishwa

Ndugu Mhariri, wiki hii mmeuliza kama mikutano ya wanawake Waarabu na Wayahudi kule Israeli na Palestina ina faida yoyote ilhali damu inaendelea kumwagika. Nasema ina faida, mradi pasiwe na anayetakiwa kuumeza uchungu wake ili mwenzake apate raha.

Women Wage Peace, jumuiya ya kudai amani, iliundwa na wanawake wa Israeli, Wayahudi kwa Waarabu, baada ya vita vya Gaza vya mwaka 2014. Mwaka 2021 wanawake wa Kipalestina wakaanzisha Women of the Sun, kisha makundi hayo mawili yakatoa Mwito wa Akina Mama, yakiwataka viongozi warudi kwenye meza ya mazungumzo. Tarehe 4 Oktoba 2023 walikusanyika Yerusalemu na kando ya Bahari ya Chumvi. Siku tatu baadaye Vivian Silver, mmoja wa waasisi wa Women Wage Peace, akauawa nyumbani kwake katika kijiji cha Be'eri, karibu na Gaza, katika shambulio la Hamas.

Wapo wanaosema kifo chake ni ushahidi kwamba alipoteza wakati. Siwezi kukubaliana nao, kwa sababu mama huyo alikuwa akiwasafirisha wagonjwa wa Gaza kwenda hospitali za Israeli, na aliyetibiwa ametibiwa.

Lawama nyingine ina uzito zaidi. Mpalestina wa Ukingo wa Magharibi, eneo linalokaliwa na jeshi la Israeli, kwa kawaida haingii Yerusalemu bila kibali cha Israeli, na mkutano ukiisha hurudi kupitia vizuizi vya askari, wakati mwenzake Myahudi anakwenda zake nyumbani bila kuulizwa. Mazungumzo yanayokwepa kuutaja ukaliaji huo wa kijeshi ni kutembeleana tu.

Robi Damelin wa Parents Circle, jumuiya ya familia za Waisraeli na Wapalestina zilizofiwa, alimpoteza mwanawe David mwaka 2002 kwa risasi ya mdunguzi wa Kipalestina. Muuaji alipokamatwa, mama huyo aliiandikia familia ya muuaji huyo barua ya kutafuta maridhiano. Jibu lililokuja baada ya muda mrefu lilikuwa kali, lakini hakuacha kuketi na akina mama wa Kipalestina waliozika watoto wao. Hapo ndipo ninapoiona kazi yenyewe, kwani kumsikiliza mtu anayekukubali si kazi ngumu.

Mwaka 2016 Leymah Gbowee, mwanaharakati wa amani wa Liberia, aliandamana na wanawake wa Women Wage Peace. Yeye na wanawake wenzake, mwaka 2003 mjini Accra, Ghana, waliziba milango ya ukumbi wa mazungumzo ya kumaliza vita vya Liberia ili wajumbe wa pande zilizopigana wasitoke bila kuafikiana. Hawa wa Israeli na Palestina hawana mlango wa kuziba, kwa maana mazungumzo ya amani kati ya viongozi wao yalivunjika mwaka 2014 na hayajafufuliwa. Anayetaka kulaumu aanze na viongozi hao.