Mtoto akizaliwa na macho meusi tii, mcheki na figo

Yaani mwanangu alipozaliwa kila aliyekuja kutoa hongera alisifia macho, "meusi hayo, kachukua kwa bibi yake wa Ujiji", na mimi nikafurahi kabisa. Siku moja nikashuka nae Kibirizi, hapa Kigoma, kwa mama anakoanika dagaa, jua la saa sita, mchanga unang'aa, dagaa nao wanang'aa, mtoto akajichimbia kwenye kanga yangu akalia mpaka tunarudi Mwanga. Nikamchungulia kivulini. Ile duara ya kahawia inayozunguka mboni haipo, ni weusi mtupu, na macho yanachezacheza hayatulii.

Kituo cha kwanza wakasema ni maambukizi, nikapewa tyubu ya dawa. Jirani akasema mkamulie maziwa ya titi (jamani msiweke kitu machoni mwa mtoto bila kupimwa). Miezi mitatu ikapita hivyo, na mpaka leo inaniuma.

Daktari wa macho Mwanza ndo alituambia ni aniridia, yaani kuzaliwa bila ile duara ya rangi kwenye jicho. Kuna jeni inaitwa PAX6, inatengeneza protini inayokaa kwenye DNA na kuwasha jeni nyingine, kama nyapara anayewapanga vibarua, tumboni kabisa jicho likiwa linaanza kujengwa. Kila mtu ana kopi 2, moja ya baba moja ya mama, moja ikiharibika iliyobaki peke yake haitoshi, jicho linatoka halijakamilika, na mbele ya safari linaweza kuandamwa na presha ya macho, mtoto wa jicho, kioo cha mbele kupata ukungu. Nguvu ya jeni hii akanionyesha kwa mfano: mwaka 1995 watafiti wa Uswisi waliiwasha jeni ya panya ya aina hiyohiyo ndani ya nzi wadogo wa matunda, macho yakaota miguuni na kwenye mabawa, tena macho ya nzi, sio ya panya!

Sasa hapa ndo naomba msome taratibu. PAX6 iko kwenye kromosomu namba 11 na jirani yake ni WT1, jeni ya figo. Kama kilichopotea ni kipande kizima, zote mbili zinaondoka, na karibu nusu ya watoto wa hivyo wanapata saratani ya figo inayoitwa Wilms. Kwetu hakuna mwingine mwenye macho haya, baba wala mimi, kwahiyo huenda kilichopotea ni hicho kipande kizima, na daktari akasema usisubiri majibu ya kipimo cha jeni, anza ultrasaundi ya figo kila miezi mitatu mpaka afike kama miaka 8, isipokuwa kipimo kije kionyeshe WT1 ni nzima. Mzazi akiwa na aniridia mwenyewe, kila mimba ni nusu kwa nusu mtoto kuirithi.

Tumbo likivimba upande mmoja au mkojo ukiwa na damu nenda hospitali siku hiyohiyo, na bibi asimkande tumbo kwa mafuta, uvimbe wa hivyo haubonyezwi.

Mengine ni ya kila siku, kofia pana, miwani ya kivuli, shuleni akae mbele mgongo kwa dirisha, presha ya macho ipimwe kila kliniki hata kama halalamiki.

Wangu ana miaka minne sasa, figo safi. Tarehe za ultrasaundi nimeziandika kwa peni nyekundu nyuma ya kadi yake ya kliniki, na nauli naitenga kwenye hela ya dagaa kabla sijanunua kitu kingine.