Moto upo, lakini taa hazimuliki

SWALI: Shikamoo fundi. Nina Land Rover 109, Series III ya mwaka 1978, aliniachia mzee. Taa kubwa zinatoa mwanga wa njano, mashimo nayaona nikishaingia. Mchana nikikanyaga breki, taa ya nyuma kushoto inawaka kinyonge kuliko ya kulia. Usiku nikiwa nimewasha taa ndogo, nikikanyaga breki hiyo ya kushoto inazima kabisa! Fundi amepima kwa testa, anasema moto (umeme) upo kila mahali. Betri tumeshabadilisha. Sasa anataka tufunge balbu za wati 100 na gari lote livutwe waya upya. Nikubali? (Msomaji, Iringa)

JIBU: Marahaba. Usikubali, na hizo balbu usinunue.

Hilo neno "moto upo" limeshawamalizia watu hela nyingi kuliko ubovu wenyewe. Moto kuwepo ni nusu ya habari. Umeme ukishafika kwenye balbu lazima urudi betri, na kwenye gari lako unarudi kupitia bodi na chesesi, yaani ethi. Fundi wako amekagua njia ya kwenda peke yake. Ya kurudi hakuigusa, na gari lako limemwonyesha ilipo shida mchana na usiku.

Angalia hiyo taa ya kushoto. Balbu yake ina nyuzi mbili, ya breki wati 21 na ya taa ndogo wati 5, na zote zinatumia ethi moja: ganda la balbu. Ethi ikikatika, mchana ukikanyaga breki umeme unapita uzi wa breki, unakosa pa kutokea, unarudi kinyumenyume kwenye uzi mdogo na kutafuta njia kupitia taa ndogo nyingine. Ndiyo maana inawaka kinyonge. Usiku taa ndogo zikiwa zimewashwa, nyuzi zote mbili zina volti 12 upande wa moto. Umeme hauna pa kwenda, taa inazima. Hapo testa inasoma moto safi pande zote mbili, na fundi anaapa kwamba balbu ni nzima. Balbu ni nzima kweli.

Swali ninalomuuliza kila mwenye Land Rover: gari limepigwa rangi lini? Bodi yake ni aluminiamu, chesesi ni chuma. Metali hizo mbili zikikutana penye unyevu, aluminiamu inaliwa na kuacha unga mweupe kwenye boliti, na unga huo haupitishi umeme. Halafu anakuja mpiga rangi, ananyunyiza juu ya kila kitu, na taa zinarudishwa juu ya rangi. Gari linang'aa, taa zinakufa. Fungua taa ya kushoto, kwangua kwa msasa mpaka chuma kionekane, paka grisi kidogo, funga. Ikiwezekana vuta waya mweusi kutoka kwenye soketi hadi kwenye chesesi, usiitegemee bodi.

Taa kubwa zinahitaji mita ya kupimia volti, siyo testa. Testa yenye kataa kadogo inatumia umeme kiduchu. Hata waya uliobakiwa na uzi mmoja wa shaba unaiwasha vizuri. Balbu ya wati 60 inavuta ampea 5, na uzi mmoja hauwezi kubeba hizo. Ndiyo maana hata ile mita inayotoa sauti ya "pii" inadanganya: inapima wakati hakuna mzigo, yaani taa hazijawashwa. Pima taa zikiwa zimewaka, injini inanguruma. Weka mita kwenye volti 20 za DC. Ncha moja kwenye nguzo ya hasi ya betri (nguzo yenyewe, siyo kibano), nyingine kwenye pini ya ethi ya taa. Ukiona zaidi ya volti 0.3, ethi ni mbovu. Kisha ncha moja kwenye nguzo ya chanya, nyingine kwenye pini ya moto ya taa. Ukiona zaidi ya volti 1, umeme unapotea kwenye swichi, kwenye waya, au kwenye vile viunganishi vya duara kama risasi vilivyovalishwa mpira mweusi. Ndani ya mpira ule huwa kuna kutu ya kijani tangu enzi za mzee.

Volti moja inaonekana ndogo, lakini balbu ya uzi haisamehe. Ukipoteza asilimia 10 ya volti, unapoteza kama asilimia 30 ya mwanga. Hapo ndipo rangi ya njano inapotoka.

Sasa hizo wati 100. Kwenye gari hili umeme wote wa taa kubwa unapita kwenye swichi iliyo karibu na usukani, hakuna rilei (swichi ya umeme inayobeba mzigo mkubwa ikiamshwa na umeme mdogo). Balbu mbili za wati 60 zinavuta ampea 10. Mbili za wati 100 zinapita 16. Swichi na waya ni vilevile vya mwaka 1978. Volti zinazidi kupotea njiani, kwa hiyo mwanga hauongezeki kama ulivyoahidiwa, na kinachopotea kinageuka joto ndani ya swichi, karibu na magoti yako. Ukitaka mwanga zaidi baada ya kurekebisha ethi, funga rilei mbili, moja ya ful na moja ya dim, zichukue moto betri kwa waya wa milimita za mraba 2.5 kupitia fyuzi zake. Swichi ya zamani ibaki na kazi ya kuamsha rilei tu.

Na fyuzi nasema fyuzi. Karatasi ya sigara inayong'aa siyo fyuzi, wala uzi wa waya uliozungushwa kwenye kioo cha fyuzi iliyoungua. Ile fyuzi ya kioo ya Lucas, kampuni ya Kiingereza ya vifaa vya umeme wa magari, iliyoandikwa 35 inabeba ampea 17.5 muda wote. 35 ndipo inapokatika. Watu wanasoma 35, wanapachika ya kisasa ya 35, wanashangaa waya unanuka. Wengine wanavuta moto kutoka betri moja kwa moja bila fyuzi kabisa, "ili taa ziwe kali". Waya huo ukichubuka na kugusa chesesi, hakuna wa kuukata mpaka gari lishike moto. Kama kwenye gari lako kuna waya wa namna hiyo, uondoe kabla ya kufanya lingine lolote.

Kuvuta waya upya gari zima kuna wakati wake: mpira ukiwa umekauka na kupasuka kila unapoukunja. Hata hapo, Waingereza waliotengeneza gari hili waliweka rangi za nyaya kwa sababu. Kahawia ni moto wa betri, bluu yenye mstari mweupe ni ful, bluu yenye mstari mwekundu ni dim, nyekundu ni taa ndogo, nyeusi ni ethi. Fundi akikuletea roli moja ya waya mwekundu kwa gari zima, mpe nauli arudi nayo.