Vumbi linagonga au linagongana?

Swali: Shikamoo, Mwalimu. Ninafanya kazi katika kiwanda cha kukoboa kahawa hapa Moshi, na tunaandaa maelezo ya mafunzo kuhusu bomba linalonyonya vumbi na maganda. Mimi niliandika "vumbi linagongana ndani ya bomba". Mwenzangu akafuta, akaandika "vumbi linagonga bomba". Nani yuko sahihi? Tena, hewa inayokwenda kwa kuzungukazunguka, inafaa kuitwa hewa yenye fujo?

Jibu: Marahaba. Mwenzako hakusahihisha sentensi yako, bali alibadili habari yenyewe. Kitenzi gonga kina mtenda na mtendwa: chembe inakwenda, ukuta wa bomba umesimama, chembe inaugonga. Kiambishi -an- katika gongana hudai washiriki wawili au zaidi, kila mmoja akimtenda mwenziwe na kutendwa naye papo hapo. Ndiyo maana hapa Arusha shahidi wa ajali akisema "daladala imegonga bodaboda", anaeleweka tofauti na anayesema "daladala na bodaboda zimegongana": wa kwanza amekwisha kumtaja aliyemwendea mwenziwe, na wa pili hajamtaja.

Kosa lako liko kwenye kiima. Vumbi tunalichukulia kuwa kitu kimoja kisichohesabika. Husemwa limetimka, limetanda, limetua. Likiwa moja, litagongana na nani? Zinazogongana ni chembe za vumbi, kwa kuwa chembe huhesabika. Neno punje ningeliachia kahawa yenyewe, mahindi na nafaka nyinginezo.

Gongana inastahili uangalifu huu kwa sababu inabeba fizikia ya jambo lenyewe. Chembe mbili jirani hazigongani kwa kuwa tu zinakwenda kasi. Zikienda kasi ileile kuelekea upande uleule, zitasafiri pamoja hadi mwisho wa bomba bila kugusana. Ni lazima mwendo wao utofautiane, na tofauti hiyo huletwa na hewa inayojipinda pamoja na ukubwa wa chembe. Chembe ya mchanga yenye kipenyo cha maikromita 10, yaani sehemu moja ya mia ya milimita, huhitaji muda usiofika sehemu moja ya elfu ya sekunde kuugeuza mwendo wake ufuate wa hewa, na kwa chembe ndogo kama hizo, kipenyo kikiongezeka mara mbili, muda huo huongezeka mara nne. Hivyo iliyo ndogo sana hufuata kila pindo la hewa, na iliyo kubwa huukatiza mkondo. Zilizo katikati hutupwa nje ya visulisuli vya hewa, zikarundikana pembezoni mwake, na huko kwenye msongamano ndiko zinakogongana zaidi. Hapo kitenzi kinachofaa ni gonganisha, kwani hewa ndiyo inayozisababisha chembe zigongane. Mwaka 1956 wanasayansi Saffman na Turner walichapisha hesabu ya namna hewa ya aina hiyo inavyogonganisha matone madogo mawinguni.

Kuhusu fujo, ningekuomba uliache neno hilo. Fujo hulaumu, tena hudokeza kwamba hakuna umbo lolote, ilhali hewa hiyo ina visulisuli vikubwa vinavyovunjika kuwa vidogo, navyo vikavunjika tena. Mwaka 1883 mhandisi Osborne Reynolds, akiwa Manchester, Uingereza, alipitisha uzi mwembamba wa rangi katika maji yaliyotiririka ndani ya bomba la kioo. Mwendo ulipokuwa wa polepole, uzi ulibaki umenyooka. Mwendo ulipopita kiwango fulani, uzi ulikatika na rangi ikatapakaa bomba zima. Hali ya kwanza ningeiita mtiririko tulivu, na ya pili mtiririko wenye msukosuko.

Neno msukosuko nalipenda kwa sababu limetoka kazini. Wazazi wetu walisuka maziwa katika kibuyu, wakikipeleka mbele na nyuma, na aliyekaa karibu alisikia mlio ukibadilika: mwanzoni maziwa yalichapa kuta kwa wepesi, kisha, siagi ilipoanza kushikana, mlio ukawa mzito na wa kudunda. Ndani ya kibuyu matone ya mafuta yalikuwa yakigongana na kugandamana. Hiyo ni -an- ileile ya swali lako, ingawa kilichosukwa ni kimiminika wala si hewa, na matone ya mafuta hushikana kwa urahisi kuliko chembe kavu za maganda.

Kwa hiyo msifute kitenzi cha yeyote kati yenu. Andikeni: "Msukosuko wa hewa hugonganisha chembe za vumbi ndani ya bomba, na zile nzito, zinaposhindwa kupinda pamoja na hewa kwenye kona, hugonga ukuta wake."