Mafuriko peke yake hayakuua Korea Kaskazini

Ndugu, umesema njaa ya Korea Kaskazini ililetwa na mafuriko ya 1995. Mafuriko yalikuwepo kweli, lakini yaliwakuta watu wameshadhoofika. Muungano wa Kisovieti ulipovunjika 1991, mafuta ya bei nafuu yalikatika. Bila mafuta na umeme, viwanda vya mbolea vilizorota na pampu za kumwagilia mashamba zikasimama. Ardhi ya kulima nayo ni chache, nchi yenyewe milima mitupu.

Kilichoua zaidi ni mfumo wa mgawo wa chakula. Chakula cha mjini kilitoka serikalini, na biashara binafsi ilibanwa. Mgawo ulipokatika, mtu hakuwa na pa kukimbilia. Waliokufa wanakadiriwa kuwa mamia ya maelfu, wengine husema zaidi ya milioni 2.

Waliopona wengi waliokolewa na masoko ya mitaani, akina mama wakiuza mahindi na tofu (chakula cha maharage ya soya). Na hao hao, inaniuma sana, ndio walioumizwa 2009: serikali ilibadilisha noti, 100 za zamani kwa 1 mpya, tena kila mtu aliwekewa kikomo cha fedha za kubadilisha. Akiba ya miaka ikageuka makaratasi.