Wadogo zetu wa maktaba, acheni kuvuta kitabu kwa kichwa

Kila kundi la mafunzo kwa vitendo likiingia maktabani hapa Mwanza, wiki hazipiti nyingi kabla ya mtu kuanza kujikanda kifundo cha mkono. Dewey, ule mfumo wa kupanga vitabu kwa namba, mmeikariri vizuri. Mwili wenu ndio hamjafundishwa kuutumia.

1. Kutoa kitabu rafuni. Hapa ndipo mnapoumia, kwa hiyo tukae kidogo. Mkono umenyooka, kidole cha shahada kinanasa kichwa cha mgongo wa kitabu, unavuta. Rafu imebanwa, hakitoki, unaongeza nguvu huku kifundo kimepinda. Mara moja si kitu. Lakini toroli la vitabu 100, mara nne kwa siku, ni mivuto 400 ya aina moja. Kano za upande wa kidole gumba husuguana na ala yake, yaani mfuko unaozifunika, hadi ikavimba, ukawa huwezi hata kuzungusha ufunguo bila maumivu. Kitabu nacho kinachanika mgongo.

Fanyeni hivi: sukuma majirani wawili, wa kushoto na wa kulia, waingie ndani kama sentimita 3. Mgongo unaoutaka utabaki umejitokeza. Ushike katikati, kwa vidole vyote, ndipo utoe. Majirani wakigoma kusogea, rafu imejaa, na hapo dawa si nguvu. Katika rafu ya sentimita 90, acheni kama 15 wazi. Tunajua kuhamisha 370 yote, namba ya vitabu vya elimu, kwenda rafu ya pili kunakula mchana mzima. Hamisheni!

Wakati wa kupanga pia, msining'inize vitabu sita mkono mmoja, vimebanwa kati ya gumba na vidole. Kiganja kitazame juu, vitabu vilale juu ya mkono, kiwiko kiguse mbavu. Vitatu vinatosha, na ubadilishe mkono.

2. Maboksi. Boksi la rimu tano za A4 lina kilo 12.5 za karatasi, na likijaa vitabu uzito hauendi mbali na hapo. NIOSH, taasisi ya Marekani ya usalama na afya kazini, inaweka kikomo cha kilo 23, tena mzigo ukiwa karibu na mwili, usawa wa kiuno, bila kujipinda. Mzigo ukiwa sakafuni, kikomo kinashuka. Kwa hiyo vitabu vya shule vinavyovuka kwenda Ukerewe vifungwe kwenye maboksi ya rimu, si makatoni makubwa. Wapagazi wa soko la samaki la Mwaloni hawabebi gunia la dagaa mikono ikiwa imenyooshwa mbele. Nanyi kumbatieni boksi, na mkigeuka, geuzeni miguu.

3. Rafu ya chini, piga goti au kalia stuli. Ya juu ya bega, panda stuli. Toroli linasukumwa, halivutwi.

4. Kaunta. Ukingo wa juu wa skrini uwe usawa wa macho, umbali wa mkono ulionyooka. Kompyuta fupi iinue kwa rimu mbili, kama sentimita 10. Unaposkani msimbo, kitabu kilale mezani.

5. Jipimeni kila Ijumaa. Kunja gumba ndani ya ngumi, kisha inamisha ngumi kuelekea upande wa kidole cha mwisho, polepole. Ukichomwa na maumivu makali chini ya gumba, acha kupanga vitabu siku hiyo hiyo, mwambie msimamizi, nenda hospitali.